Nilivyomsimulia Mgeni Kisiwa Chake

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya nikiwa nimesimama wima mbele ya watu, nimefunga tai ya kuazima, na kila neno nililotamka lilikuwa la kweli. Siku hiyo naikumbuka mpaka rangi ya tope lililokuwa kwenye viatu vyangu.

Mwanangu, najua utacheka ukilisoma neno hilo. Nimekuzidi miaka michache tu, na ndevu zangu zenyewe bado ziko kwenye majaribio. Lakini kwa hesabu ya ukoo wetu baba yako ni kaka yangu, kwa hiyo mimi ni baba yako mdogo, na cheo hicho sikukiomba. Nimeambiwa kwamba wewe ndiwe utakayewakaribisha wageni wa kanisa kutoka ng'ambo, na kwamba tangu upewe kazi hiyo huli vizuri. Mama yako anasema unazungumza na kioo. Nami nilizungumza na kioo, na kioo hakikunionya. Ndiyo maana nakuandikia.

Unajua pia kwamba shule niliiacha kidato cha pili, karo iliposhindikana. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, kwanza kwa vitabu visivyo na majalada kutoka soko la Keroka, baadaye kwa simu. Sijutii. Ila mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Kila mahali anaogopa kwamba atatokea mtu wa kumwuliza lile jambo moja aliloliruka, kwa hiyo haruki kitu. Mimi hata ujumbe wa rambirambi naufuta na kuuandika upya mpaka marehemu anazikwa kabla sijautuma. Nakwambia haya ili usidhani nakushauri kutoka juu ya kilima. Niko bondeni hapo ulipo, nimetangulia kidogo tu.

Wakati huo Magokoro Kemunto, dada ya babu yangu, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa chai hapa Nyaramba. Leo unamwona akiwa magokoro, yaani nyanya, wa kila mtu, ameketi kwenye kigoda chake na kusikia kwa sikio moja. Siku zile alikuwa akisikia kwa yote mawili, na alikuwa mwepesi wa miguu. Miaka yote kina mama wa kikundi chake walikuwa wakichuma majani mabichi, wakiyapeleka bandani yakapimwe, lori la kiwanda linayabeba, basi. Majani yanageukaje kuwa chai, mikono yao haikujua. Halafu, kupitia rafiki mmoja wa kanisa, ikapatikana habari ya mama kutoka Sri Lanka aliyekuwa akiwatembelea wanawake wakulima na kuwafundisha kutengeneza chai nyumbani kwa mikono, bila mashine. Jina lake Mama Letchumi. Akakubali kuja kwetu kwa siku chache. Kina mama walijua wazi kilicho mbele yao. Akikaa akawafundisha, watakuwa na chai yao wenyewe yenye jina lao. Akiondoka, watabaki na majani.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, kwa sababu mgeni alijua Kiingereza cha kutosha na kina mama walizoea Ekegusii. Pia niseme maneno machache ya kumkaribisha. Machache, ndivyo nilivyoambiwa.

Mimi nikaamua kusoma kisiwa kizima.

Nilisoma jinsi Wareno walivyofika, wakafuatwa na Waholanzi, wakafuatwa na Waingereza, ambao walikiita Ceylon. Nilisoma kwamba Waingereza walipanda kahawa milimani, ugonjwa wa kutu ya majani ukaimaliza, ndipo wakahamia kwenye chai. Watu wa kuichuma waliwaleta kutoka kusini mwa India, Watamil, wakawajengea vyumba vya mstari kama vile ulivyoviona kwenye mashamba makubwa ya upande wa Kericho. Hapo nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa safarini, maana ni Waingereza hao hao ambao kwa muda mrefu hawakutaka babu zetu wapande chai kwenye mashamba yao wenyewe. Nikasoma uhuru wao, uliotangulia wetu. Nikasoma kwamba walikuwa nchi ya kwanza duniani kumfanya mwanamke waziri mkuu, kwamba baadaye walibadilisha jina wakawa jamhuri, wakapigana wao kwa wao miaka mingi, na kwamba juzi juzi tu, mafuta na chakula vilipoadimika, wananchi walijaa barabarani mpaka rais wao akakimbia. Yote nikayapanga kichwani kwa zamu zake.

Tena nikasoma habari za Watamil wa milimani. Waingereza walipoondoka, sheria iliyofuata iliwaacha nje. Hawakuwa raia wa kisiwa, hawakuwa raia wa India. Baadaye serikali mbili zikapatana namna ya kuwagawana: hawa wabaki, hawa wapelekwe India, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona kwa macho. Nikapiga hesabu ya umri wa Mama Letchumi, na kabila lake, na mahali alikotoka, nikajua. Kiburi changu kilikuwa hapo. Hakuna aliyeniambia. Niligundua mwenyewe.

Siku aliyofika tulikusanyika uani kwa Magokoro, chini ya turubai, maana mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mama Letchumi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, karibu rika moja na Magokoro, amevaa sweta juu ya sari na viatu vya mpira kama vyetu. Ugali wa wimbi ulikuwa umeshapakuliwa, na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa. Maji ya kunawa yalikuwa yameletwa mbele ya mgeni.

"Kwanza chakula," Magokoro aliniambia kwa sauti ya chini.

"Magokoro, wakishiba watasinzia."

"Wasinzie. Aliyeshiba akasinzia amekaribishwa."

"Nitasahau. Nimeyashika yote kichwani, nikila yatamwagika."

Alinitazama, akamtazama mgeni, akaona aibu kubishana nami mbele yake. Akaketi. Wewe umelelewa hapa, huhitaji kuelezwa: kwetu mgeni anakula kwanza, na habari za kwao zinakuja zenyewe nyuma ya shibe. Mimi pia nililelewa hapa. Lakini hilo sikulipata kitabuni, kwa hiyo sikulihesabu kuwa elimu.

Nikaanza na Wareno. Nilisema kwa Kiingereza, kisha Ekegusii, na mvuke ukawa unapungua juu ya ugali. Kwamboka, ambaye hakuna mkutano asioutia chumvi, alimnong'oneza jirani yake kwa sauti ya kusikika na wote: "Waholanzi bado hawajaondoka? Mboga inapoa." Watu wakacheka. Badala ya kufupisha, nikaongeza kasi. Mgeni alikuwa akitabasamu, akitikisa kichwa upande huu na upande huu, namna ya kwao ya kusema ndiyo.

Nikafika milimani. Nikawaambia kina mama kwamba mgeni wetu alizaliwa bila nchi. Nikaeleza sheria ile, nikaeleza mapatano yale. Kisha, kwa kuwa nilikosomea kulitofautiana juu ya idadi ya waliohamishwa, na jambo hilo lilikuwa limenikera wiki nzima, nilimgeukia, nikatoa kalamu mfukoni, nikamwuliza mbele ya watu wote: katika jamaa yake yeye, walipelekwa wangapi?

Tabasamu la Mama Letchumi likaondoka. Alitazama maji ya kunawa ambayo mikono yake haikuwa imeyagusa. "Naomba nipumzike," akasema. Akainuka, akaingia chumba alichoandaliwa, na mlango ukafungwa polepole. Ningependa ungebamizwa.

Hakula. Jioni alimpigia dereva aliyemleta na kumwomba amfuate kesho yake mchana. Alisema hajisikii vizuri. Kina mama waliosha vyombo bila kuimba, na hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Kwamboka peke yake aliponipita na beseni alisema, "Mwalimu, tunashukuru, tumeijua Sri Lanka. Sasa inaondoka."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo niliwahi kuitia kwenye insha shuleni nikapata alama nzuri. Usiku ule nikafanya ninalofanya kila nikikosea: niliketi jikoni nikaandika. Niliandika barua ya kuomba msamaha, nikaichana, nikaandika nyingine, nikaona neno moja ni zito mno na lingine ni jepesi mno. Magokoro alinikuta nimeweka karatasi juu ya mfuniko wa sufuria.

"Unaandika nini tena?"

"Msamaha, Magokoro."

"Ni kurasa ngapi?"

Nilizifunika kwa kiganja. Akavuta kigoda, akachukua sufuria nyingine akaanza kuisugua.

"Momanyi, leo ulisema uongo wowote?"

"Hapana. Kila kitu ni kweli, naweza kukuonyesha."

"Usinionyeshe. Niliuona uso wake. Uongo hauumizi namna ile." Alisugua kwa muda. "Nikija kwako, ukanivua kitambaa cha kichwa mbele ya watu, ukawaonyesha kovu langu, ukasema, tazameni, kovu hili ni la kweli, nikushukuru kwa kuwa hukudanganya?"

"Hapana."

"Kidonda cha mtu ni chake. Ni yeye anayejua lini atafungua kitambaa, na nani awepo. Wewe umekitonesha. Tena akiwa na njaa."

Mwanangu, nimewahi kupigwa na kutukanwa, na yote nimesahau. Maneno hayo matatu, akiwa na njaa, bado yako nami.

"Nifanye nini?" nikamwuliza.

"Kesho hutasema neno lako hata moja. Utabeba kikapu, na utabeba maneno ya watu. La kwangu lifike kwake, la kwake lifike kwangu. Usiongeze, usipunguze, usinyooshe."

"Na kama mtu amekosea jambo?"

"Hapo hasa."

Barua yangu aliichomeka kati ya vijiti vya kuwashia moto wa asubuhi. Hakuisoma.

Kulipokucha alimpelekea mgeni uji wa wimbi, akaketi ukingoni mwa kitanda, mimi nikasimama mlangoni. Hakumwuliza kitu. Uji ulipokwisha ndipo aliposema, "Dereva wako ni wa mchana. Mimi chai yangu imekua na leo ni siku ya kuichuma. Unaweza kuja kunitazama, unaweza kulala. Yote ni sawa." Nikatafsiri, na nikaishia hapo. Mama Letchumi alizungusha kikombe mikononi. Kisha akauliza kama tuna kikapu cha ziada.

Shambani umande ulikuwa bado mzito. Kina mama wanne walikuwa wamekwisha kuanza, na walipomwona mgeni walinyamaza kama watoto waliovunja mtungi. Yeye alikipokea kikapu, akaupitisha mshipi juu ya paji la uso, kikapu kikaning'inia mgongoni. Hatukuwa tumewahi kuona kitu kama hicho. Kwetu mzigo hukaa utosini, na kikapu cha chai huvaliwa mabegani.

Kwamboka hakuweza kuvumilia. "Momanyi, mwulize kama shingo hiyo ni yake ama ameazima."

Nilimtazama Magokoro. Alikuwa ameinama kwenye chai yake. Sikuwa na ruhusa ya kupunguza. Nikatafsiri huku masikio yangu yakiwaka.

Mama Letchumi aliitazama mikono ya Kwamboka kwa muda, kisha akasema, "Mwambie shingo ni yangu. Mikono yake yeye ndiyo ya kuazima. Anachuma majani pamoja na babu zao."

Kwamboka alipolipata hilo alicheka mpaka akashika mche asianguke, kwa sababu ni kweli, alikuwa akichuma jani la tatu na la nne, yale yaliyokomaa, ili kikapu kijae upesi. Na hapo shamba likaanza kupumua. Wakachuma bega kwa bega, mgeni akiwa katikati, vidole vyake vikienda mbio na macho yake yakitazama mbali.

Magokoro ndiye aliyeanza. Hakuinua kichwa. Alisema, kana kwamba anazungumza na mche: "Mimi hapa si nyumbani kwangu. Hapa ni kwa kaka yangu. Nyumba yangu ilikuwa upande ule wa mashamba makubwa, marehemu mume wangu alifanya kazi huko, watoto wangu walizaliwa huko. Kukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi kukaja vijana. Wakasema hapa si kwenu."

Nikatafsiri. Hayo nilikuwa siyajui. Nilijua alihamia kutoka huko. Niliwahi hata kumwuliza ilikuwa mwaka gani.

"Ugali ulikuwa jikoni," akaendelea. "Jirani yangu, mwanamke wa upande wa hao waliotufukuza, alinivuta akaniingiza kwenye ghala lake la mahindi. Kisha akaketi mlangoni na ungo, akapepeta wimbi. Vijana walipokuja walimwuliza. Alisema, mnaniona nina kazi, ondokeni mtanitilia vumbi. Alipepeta wimbi ule ule mpaka jua likatua. Namwombea kila Sabato. Yule namwombea kabla ya watoto wangu."

Wazee husema akufukuzaye hakwambii toka. Magokoro alikuwa ameambiwa kwa kinywa. Lakini uso wake, aliposema habari ya ungo ule, ulikuwa uso wa mtu anayehesabu baraka.

Tulimaliza mstari mzima. Tulipogeuka kuanza mwingine, Mama Letchumi alisema kwa Kiingereza chake cha polepole:

"Kaka yangu alikuwa mkubwa kwangu. Alioa, akahesabiwa kwenye kundi la wanaopelekwa India. Mimi na wazazi tukabaki. Asubuhi ya kuondoka kwake nilikuwa kwenye chai. Msimamizi alisema anayekosa kazi siku hiyo asirudi tena. Treni ya kwenda kwenye meli ilipita bondeni, chini yetu. Niliisikia ikipiga honi, na mikono yangu ilikuwa kwenye mche. Sikuinuka." Alichuma, akachuma tena. "Siku hiyo nilichuma vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Msimamizi alinisifu."

Nikalipeleka lote kwa Ekegusii, neno kwa neno. Kina mama walisimama. Kwamboka alijifuta uso kwa mgongo wa mkono.

Kisha Mama Letchumi akaeleza ni nani aliyetia saini mapatano ya kuwagawana, akataja jina la kiongozi. Mwanangu, hakuwa huyo. Nilijua hakuwa huyo kama ninavyojua jina langu. Nilihisi ulimi ukiinuka wenyewe kinywani. Niliona ukurasa niliousoma, niliona hata picha iliyokuwa pembeni yake. Nikafikiri, kina mama hawa watalishika jina lisilo sahihi na kulisimulia kwa wengine, na litaenea Nyamira nzima, na mimi ndimi nitakuwa nimelipitisha. 

Magokoro aliniangalia mara moja tu.

Nikalitafsiri kama lilivyokuwa, na jina lile lile. Hakuna kilichoanguka. Kina mama waliguna kwa huruma, na hakuna aliyelishika jina hilo hata dakika moja, kwa sababu mioyo yao ilikuwa bado kwenye ile treni.

Hapo ndipo Mama Letchumi aliponigeukia mimi, si kwa ukali. "Jana uliniuliza ni wangapi," akasema. "Kalamu ilikuwa mkononi. Ungeniuliza jina lake."

Sikuwa na ruhusa ya kusema neno langu. Nilimtazama Magokoro, naye akainua kidevu kidogo.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Selvam." Akalirudia, kana kwamba anajaribu kama bado linakaa kinywani. "Selvam. Alikuwa akiimba vibaya sana."

Kina mama walitaka kujua alikuwa akiimba nini, na mbona vibaya, na alikuwa mrefu au mfupi, na mke wake alikuwa mtu wa namna gani. Mama Letchumi aliwajibu, na mengine aliyajibu akicheka. Nilitafsiri mpaka koo likakauka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya maiti nikimweleza kaburi lake. Asubuhi ile nilisikia mara ya kwanza habari ya kisiwa ambacho nilidhani nimekimaliza.

Dereva alifika mapema kuliko tulivyotarajia, akasimama barabarani akapiga honi. Sote tuliacha kuchuma. Mama Letchumi alikuwa amekijaza kikapu chake, majani mawili na chipukizi, mawili na chipukizi, hakuna la tatu. Aliingiza mkono ndani akayageuza.

"Mwambie dereva," aliniambia, "majani yakishachumwa hayangoji. Yakikaa kikapuni yatapata moto na kuharibika. Siwezi kuyaacha hivi."

"Nimwambie arudi lini?"

Aliniangalia kama anavyotazamwa mtu mgumu wa kuelewa. "Wewe mtafsirie hayo tu."

Nikamtafsiria hayo tu. Dereva akaondoka.

Alikaa muda wake wote. Aliyatandaza majani juu ya mkeka yanyauke usiku kucha, na kesho yake akatuonyesha kuyasokota kwenye ungo kwa viganja, kwa kuzungusha, bila kuyakata, mpaka yatoe utomvu na mikono inukie tufaha. Akayafunika kwa kitambaa kibichi yageuke rangi ya shaba. Akayakausha kwenye karai juu ya makaa, na hapo ndipo yanapohitaji moyo mtulivu, maana yakiungua yameungua.

Shida ikawa kuonja. Unajua Magokoro ni Msabato wa tangu zamani, na kwao chai imekatazwa, kwa hiyo ameipalilia maisha yake yote na haijapita kooni mwake. Nusu ya kikundi ni hivyo hivyo. Mama Letchumi aliposikia haya alifikiri nimetafsiri vibaya. Akaniambia nimwulize upya.

"Ni kweli," alisema Kwamboka, ambaye ni Mkatoliki, akivuta kikombe kwake. "Hawa wanapanda, sisi tunakunywa. Mungu aligawa kazi."

"Basi mimi nitanusa," alisema Magokoro. "Pua haijakatazwa."

Akanusa. Tangu siku hiyo hakuna karai linaloondolewa motoni bila pua yake, na wanunuzi wa mjini Kisii wanaoisifu chai hiyo hawajui ni nani anayeipima.

Mwanangu, sikukatazi kusoma. Soma nchi ya wageni wako. Jua nani aliwatawala, lini walijikomboa, wanachagua viongozi namna gani na waliwahi kugombania nini, kwa sababu ni heshima kumjua mtu anakotoka. Ukisha kusoma, yaweke yote ndani, kama mkaa ulio chini ya jivu, yakupe joto la kumsikiliza vizuri. Mgeni akianza kusimulia, utajua anapita wapi, utajua kimya chake ni cha nini, na hutamwuliza la kijinga. Hiyo ndiyo faida ya kujua. Si kumsomea mtu maisha yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hata kama umesoma vitabu vyote vya vitanda.

Na ukitaka mtu akufungulie, fungua wewe kwanza, kama Magokoro alivyofanya kwenye ule mstari wa chai, kisha endelea na kazi yako usimkodolee macho. Asipofungua, mshukuru vilevile. Akisema jambo ambalo unajua si sahihi, jiulize kama ni hilo analokupa, au ni kitu kingine kilichobebwa ndani yake. Tarehe zina mahali pa kusahihishwa. Si pale mtu anapomlilia kaka yake.

Kuhusu hofu yako, sina dawa, nami ningekuwa na dawa ningekunywa kwanza mimi. Ila nimegundua hofu yetu sisi wa namna hii inatazama ndani tu: nitaonekanaje, nitakosea wapi, watanionaje. Mtazame mtu aliye mbele yako, uone kama ameketi vizuri, kama amekula, kama jua halimpigi usoni. Ukishughulika na hayo, hofu inakosa mahali pa kukaa, angalau kwa saa moja.

Mungu wa Magokoro na wa mama yako akutangulie mlangoni. Akupe ulimi mzito na masikio mepesi. Wageni wako waondoke wakisema walikwenda kwa jamaa. Na wale wote waliowahi kutusamehe bila sisi kustahili, awalipe yeye, maana sisi hatuwezi.

Tangu siku ile kikundi cha kina mama kina chai yake. Mimi bado nina wasiwasi wangu, na barua hii nimeiandika upya mara nyingi. Lakini nimeacha kuwaeleza watu maisha yao, na watu wameanza kunisimulia.